Namna ya Kukitia Kipanya Kizee Miguu Mipya

Mwongozo huu ni wa mtu wa aina moja tu: aliyenunua kipanya kilichostaafu udaladala, akang'oa viti, akatia kitanda, jiko na pazia, kisha akakiita nyumba. Kama wewe si mtu huyo, soma hivyo hivyo, angalau ujue jirani yako anagonga nini uvunguni mwa gari kila Jumapili kabla hata chai haijachemka.

Mimi niliingia katika ukoo huo siku niliyovuka Pangani kwenda Ushongo, nikawakuta wazungu wameegesha lori pembeni mwa minazi. Lori lina kitanda, lina friji, lina choo. Wanatoka ndani saa nne asubuhi na nguo za kulalia, wanaitazama bahari, wanarudi ndani. Nikasema na nafsi yangu: sisi ndio wenye bahari, iweje wao ndio waamkie ufukweni? Tanga husemwa waja leo warudi leo. Mwenye nyumba ya magurudumu hana haja ya kurudi, maana hajatoka kwake. Mwezi uliofuata kipanya kilikuwa chini ya mwembe wangu hapa Usagara, ubavuni bado kina mstari wa rangi wa njia yake ya zamani. Mstari huo sikuufuta. Sababu ni uvivu, na matokeo yake nitayaeleza.

Chombo chenyewe ni Hiace ya umbo lile lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1989. Mbele kinabebwa na fimbo mbili za chuma zinazojisokota kila tairi linapopanda na kushuka. Mafundi huziita toshenba. Nyuma kuna majani ya springi, mapande ya chuma yaliyolaliana kama chapati kwenye sahani, refu juu, fupi chini. Katikati ya hayo yote kuna shokapu nne, nazo ndizo zitakazosingiziwa kila kitu.

Hatua ya kwanza ni kukipakia. Usiguse springi kabla hujaweka ndani kila unachokimiliki, maana usipokilemea utajuaje kuwa kinahitaji msaada? Kitanda kiwe cha mninga. Cha mbao laini kingetosha, lakini wageni watasema nini? Weka betri mbili za sola za risasi, za ampea 200, ambazo kila moja ni kama kilo 50 au zaidi. Weka madumu sita ya maji ya lita 20. Hizo ni kilo 120, na maji yana tabia ya kutembea ndani ya dumu kila unapokata kona. Mtungi wa gesi ulioandikwa kilo 15, na ukumbuke kwamba hizo 15 ni za gesi peke yake, chuma chake hakijahesabiwa. Kinu na mchi, kwa sababu mke wangu hasagi kwa mashine kitu kinachotwangika. Mbuzi ya nazi. Nusu gunia la machungwa ya Muheza, maana huwezi kupita Muheza ukiwa na nafasi ndani ya gari na ukajizuia. Kisha abiria. Mama mkwe hapimwi, kwa heshima.

Usijumlishe. Nasisitiza. Kujumlisha ni kazi ya makarani wa bandari. Mizani ya barabarani nayo haikuhusu, kwani magari yanayoingizwa pale ni yale ya tani 3.5 kwenda juu, wewe una kipanya. Hiyo ni salama kubwa: hakuna siku utakayoupata ukweli kwa bahati mbaya.

Baada ya wiki mbili utaona kitako kimeshuka na pua imenyanyuka, chombo kimechutama kama mtu anayeosha masufuria. Usiku taa zinamulika madafu. Kivukoni Pangani, kinapopanda lango la kivuko, bamba la nyuma linakwaruza chuma kwa mlio ambao watu wa Bweni, ng'ambo, wanausikia na kusema, "Yule anakuja tena." Sasa uko tayari kwa matengenezo.

Kabla ya kununua chochote, ita watu watazame. Si lazima uwaite, watakuja wenyewe. Kila mwanamume wa Tanga ni fundi mpaka spana itolewe. Kwangu walikuja saba, mmoja na baiskeli yake, wakainama kwa zamu, wakainuka na jibu moja: "Shokapu zimekufa."

Jibu hilo ni tamu kwa sababu shokapu inaonekana, ina umbo la kitu cha maana, na inauzwa peke yake. Ila shokapu haibebi mzigo. Yule wa baiskeli angejua kama angetazama alichokalia: zile koili mbili chini ya kiti cha baiskeli ndizo zinazombeba, na hakuna shokapu hapo, ndiyo maana akipita kwenye shimo hurushwa mara tatu wakati shimo lilikuwa moja. Springi hubeba. Mwingereza Robert Hooke aliliandika jambo hilo mwaka 1678: springi huvutika kadiri inavyotwishwa, ukiongeza mzigo maradufu nayo inalala maradufu. Kazi ya shokapu ni kuikatiza ile densi inayofuata. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo. Oili inakataa, inasukumwa, inapita kwa shida, na nguvu ya kurukaruka inageuka joto. Ukitoka kwenye barabara iliyofanya mabati, gusa shokapu (kwa haraka), utaelewa nguvu zako za mafuta ya dizeli zimekwenda wapi.

Kwa hiyo kilicholala kitako mara nyingi kina neno na springi, na kinachorukaruka kina neno na shokapu. Kuna kipimo kisicho na gharama: bonyeza kona ya gari kwa uzito wako wote, uachie. Ikipanda ikashuka mara moja na kutulia, shokapu ingali hai. Ikiendelea kuitikia kama mtu aliyekubali kila kitu, imekwisha. Ikiwa imelowa oili nje, hata kubonyeza usijisumbue. Springi nazo hupimwa kwa futi ya fundi cherehani: gari likiwa juu ya sakafu iliyo sawa, pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, andika. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, tafuta jani lililopasuka. Na kama gari linakwenda mbele huku limekaa upande upande kama kaa, boliti ya katikati inayoyashika majani imekatika na ekseli imeanza safari yake binafsi.

Nilifanya vipimo hivyo vyote baadaye. Siku ile nilinunua shokapu nne.

Zilikuwa za mtumba, zimefutwa vumbi vizuri. Nikazifunga, nikapakia, kitako kikalala palepale. Tofauti ni kwamba sasa kililala kwa utulivu.

Ndipo nikaenda kwa fundi wa kweli, kijana wa Ngamiani anayefanya kazi chini ya mwarobaini. Aliniamkia, akajilaza kwenye boksi, akaingia uvunguni, akatoka.

"Mzee, humo ndani umeweka nini?"

"Vitu vya kawaida."

"Vya kawaida vya nani?"

"Vya nyumbani."

"Basi springi zako hazijachoka, mzee wangu. Zimeonewa."

Akanitajia gharama ya kuifanya kazi sawasawa. Nikamshukuru, nikamwombea dua, nikarudi nyumbani kujitengenezea mwenyewe, kwani bila hatua hiyo mwongozo huu usingekuwa na kazi.

Zipo njia nyingi za kumnyanyua mnyama huyu. Ya haraka ni kukata pande la tairi la lori na kulipachika kati ya ekseli na chesisi. Kitako kitainuka siku hiyo hiyo. Springi itakuwa imestaafu rasmi, na kila jiwe la njiani litagonga uti wako wa mgongo bila kupitia kwa mtu. Ya pili ni kumpelekea mhunzi majani ayatie motoni na kuyakunja upya. Yatakuja yamekunjika vizuri kama mwezi mwandamo. Chuma cha springi kina tabia yake iliyopikwa kiwandani kwa joto la kiasi. Ukikitia kwenye moto wa makaa hadi kiwe chekundu umekifuta akili, na ukikichovya kwenye maji umekipa hasira. Ama kinarudi kulala baada ya wiki, ama kinakatika kama kipande cha kaukau. Mhunzi mwenyewe anakijua vizuri chuma hicho, ila kwa matumizi mengine: mapanga na visu vingi tunavyonunua vilianza maisha yao chini ya pikapu au lori. Springi ikifa katika nchi hii hufufuka ikiwa na mpini.

Njia ya tatu, nayo ndiyo ya waungwana, ni kuongeza jani. Hapa nitakaa kidogo.

Jani la kuongeza linatakiwa lifanane na wenzake kwa upana na liwe na unene wao. Mimi nilipata la pikapu kubwa, nene mara moja na nusu kuliko yangu, nikafurahi kama aliyeokota. Ugumu wa jani hauzidi kwa hesabu ya dukani. Unene ukizidi maradufu, ugumu unazidi mara nane. Ukizidi mara moja na nusu, ugumu unazidi zaidi ya mara tatu. Kwa maneno mengine nilidhani nimeongeza mfanyakazi mmoja, kumbe nimeajiri mnyapara. Wale majani wengine wakaacha kazi wote wakimtazama.

Jeki kwanza. Jeki inanyanyua, kushika si kazi yake, na usiingie uvunguni kwa imani ya jeki peke yake hata kama umesoma dua zote. Weka stendi za chuma au magogo mapana ya mti mgumu chini ya chesisi. Tofali la saruji linapasuka bila kuaga. Jiwe la matumbawe, ambalo kila nyumba ya pwani inalo pembeni, linaonekana gumu kwa sababu limezeekea baharini, lakini likilemewa upande humeguka. Mke wangu alitoka akanikuta nimelala nusu ndani nusu nje, akasimama kimya.

"Baba'ke."

"Naam."

"Ile karatasi ya kiwanja umeiweka wapi?"

Nikatoka. Nikaenda kuazima stendi.

Kisha yuboliti. Hizi ndizo zinazoikumbatia springi na ekseli pamoja, na kwa upepo wa chumvi wa Tanga huwa zimegeuka mwamba. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. Mimi nilitumia oili chafu, ambayo hailegezi kitu ila hukufanya uonekane fundi. Kabla hujalegeza boliti ya katikati yabane majani yote kwa jiriwa, kwa sababu yamefungwa yakiwa na kinyongo, na yakipata nafasi yatajinyoosha mahali ulipoweka vidole. Safisha kutu katikati ya jani na jani kwa brashi ya waya. Panga upya. Na hapo utagundua lile ambalo hakuna jirani aliyelitaja: rundo limekuwa nene, boliti ya katikati imekuwa fupi, na yuboliti zako nazo zimekuwa fupi. Nati inashika nyuzi mbili tu.

Mwongozo mbaya ungekuambia nyuzi mbili zatosha. Huu si mwongozo mbaya kiasi hicho. Nenda kanunue ndefu, mpya, na ukishatembea kilomita mia mbili tatu uzikaze tena, maana chuma kipya hukaa mahali pake polepole kama mgeni. Boliti za bushi za springi usizikaze gari likiwa hewani. Lishushe kwanza, likae kwa kimo chake, ndipo ukaze. Vinginevyo raba ya bushi itaishi maisha yake yote imesokotwa, na haitaishi sana.

Majirani walipiga makofi. Kitako kilikuwa kimenyanyuka hadi kipanya kikawa kama kinasujudu. Hilo nalo lina dawa: mbele, kwenye kila toshenba, kuna boliti ya kurekebishia. Ukiizungusha pua inapanda. Nikazungusha. Ikapanda. Nikazungusha tena. Hakuna raha duniani kama kitu kinachotii spana. Kilichoongezeka pale ni kimo, si nguvu. Fimbo ni ile ile, imeanzia mahali pengine tu, na tairi limeishiwa nafasi ya kushuka. Kila shimo likawa linapiga "ngo!" kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Majaribio tulifanya kwenye njia ya Muheza kwenda Amani. Huko juu Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na barabara ya kupandia huko ilinifanyia utafiti mimi. Kwa kuwa yalikuwa majaribio tulikwenda bila mizigo. Springi iliyotengenezwa kwa ajili ya tani haimtambui mtu mmoja na mke wake. Pazia lilidondoka. Mlango wa kabati ulifunguka, ukafunga, ukafunguka, ukatoka. Jiko lilihama kutoka kushoto kwenda kulia likarudi kushoto. Chungwa moja lililosahaulika lilitutembelea mbele mara tatu. Shokapu za mtumba, zilizokuwa zimezoea springi laini, zilijitahidi mpaka njia panda ya pili, oili yake ikawa nyepesi kwa joto, zikakata tamaa. Mke wangu alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili, kimya, na ukimya wa mke wa pwani una viwango. Hiki kilikuwa cha juu.

Sasa niache mzaha kwa kifungu kimoja. Kwenye vipanya vingi vya aina hii, juu ya ekseli ya nyuma, kuna kifimbo chembamba kilichounganishwa na kidude cha breki. Kazi yake ni kupima jinsi kitako kilivyolala: kikilala sana kidude kinajua kuna mzigo, kinaruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu, kikiinuka kinajua gari ni tupu, kinazipunguzia ili tairi zisijifunge zikateleza. Ukinyanyua kitako kwa jani la ziada halafu ukajaza mzigo, kile kidude kinadanganyika kwamba gari ni tupu. Sasa ushuke hivyo kutoka Lushoto kwenda Mombo, kilomita 33 za kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, breki za mbele zikifanya kazi peke yake hadi zinanuka. Mtu akinyanyua gari, kifimbo hicho nacho kirekebishwe, na kirekebishwe na anayejua. Usikifunge kwa waya. Najua ulikuwa unafikiria waya.

Tuendelee na upuuzi.

Kwa kuwa chombo kiliinuka mbele na nyuma, taa hazikumulika madafu tena, zilimulika moja kwa moja macho ya bodaboda, na nilijifunza matusi mapya ya Kidigo. Tairi za mbele zilianza kulika upande wa ndani; ukibadili kimo cha mbele lazima uende kupima mlalo wa magurudumu, jambo nililoliahirisha mpaka waya zikachungulia. Trafiki mmoja alinisimamisha, akalizunguka gari mara mbili, akauliza hili ni daladala au nini. Nikamwambia ni nyumba. Akaomba aione leseni ya nyumba.

Na ule mstari wa ubavuni. Kipanya kilichoinuka vizuri, kimeoshwa, kikipunguza mwendo karibu na kituo, huonekana ni kizima kuliko vyote vilivyo barabarani. Tulipokuwa tunarudi mjini, nilisimama pale Kange kutafuta sauti iliyokuwa inatoka nyuma. Mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingia bibi mmoja na kapu la samaki, akakaa kitandani, akaweka kapu juu ya mto, akatoa nauli.

"Utanishusha Chumbageni, mwanangu."

Nikamshusha Chumbageni. Alipokuwa anateremka aliniambia gari yangu nzuri ila ngumu sana, inaruka. Nimtafute mtu aangalie shokapu.

Utengenezaji wenyewe ulikamilika bila mimi. Kulikuwa na harusi kwa shemeji yangu, barabara ya kumi na mbili, na kinu kikahitajika. Kikatolewa. Pamoja nacho yakatolewa madumu ya maji, maana harusi haina maji. Mtungi wa gesi ukafuata. Wale vijana wa kubeba viti walipokuja waliona kitanda cha mninga wakakisifu, bibi harusi akakisifu pia, na mtu hawezi kumnyima bibi harusi. Betri moja ilikwenda kuwasha taa za uani na haikurudi. Asubuhi yake nikatoka na futi yangu ya fundi cherehani, nikapima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi. Kitako kilikuwa kimepanda zaidi ya nilivyokinyanyua kwa jani, jeki, stendi za kuazima na Jumapili tisa.

Nikamwita kijana wa Ngamiani. Safari hii sikubishana na bei. Alitoa jani langu la pikapu, akarudisha majani ya asili na bushi mpya, akafungua toshenba hadi kimo cha zamani, akakiweka kifimbo cha breki mahali pake, akaniletea shokapu mpya mbili za nyuma. Ndani tukaweka godoro la sponji na dumu moja.

Jani lile nene lilibaki limeegemea mwembe. Mhunzi alilipitia siku ya Ijumaa na kunirudishia panga moja zito, lenye mpini wa mkwaju. Nalitumia Ushongo. Halijapata kushindwa na dafu hata moja, na linapokata, mkono hausikii kitu.